Besi inavuma noti ileile kila wimbo: je, ninunue amplifaya yenye nguvu zaidi?

Msikilizaji Mtulivu

Ndugu wanajukwaa,

Naomba ushauri wenu kuhusu mtambo wangu wa muziki wa nyumbani, ambao nimeukusanya kwa miaka kadhaa, kipande kimoja baada ya kingine, na ambao hadi leo haujanipa raha niliyoitarajia. Nina amplifaya ya stereo ya wati 50 kwa kila upande, spika mbili ndogo za rafu zenye ukinzani wa omu 8, kicheza CD, na kicheza santuri ambacho nakitumia mara chache. Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na dari iko mita 2.6 kutoka sakafuni. Spika ziko upande wa ukuta mfupi: moja iko juu ya kabati na imegusana na ukuta, nyingine imesukumwa hadi kwenye kona. Kochi langu limeegemea ukuta unaozitazama.

Malalamiko yangu ni matatu. La kwanza, besi haisikiki kama noti zinazotofautiana, bali kuna noti moja inayovuma na kubaki hewani, na nimegundua kwamba ni ileile karibu katika kila wimbo. La pili, mwimbaji hasimami katikati. Sauti yake inavutwa upande wa kona. La tatu, nikiongeza sauti kidogo nachoka baada ya nusu saa, kana kwamba kila herufi ya s inanichoma masikio.

Mwaka jana nilinunua nyaya za spika za bei kubwa baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba zitafungua sauti. Sikusikia tofauti yoyote, ingawa kwa wiki ya kwanza nilijilazimisha kuisikia. Sasa nafikiria kununua amplifaya ya wati 100. Je, ni uamuzi wa busara, au kuna jambo ambalo sijalitazama?

Fundi Mstaafu

Ndugu Msikilizaji, amplifaya iache kwanza. Kutoka wati 50 hadi wati 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio hukitambua lakini hakibadilishi sura ya muziki. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, kwa kawaida huhitajika desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, na hizo wati 500 spika zako zisingezistahimili. Kwa kusikiliza kwa sauti ya kawaida katika chumba cha ukubwa huo, huenda kwa wastani hutumii hata wati moja. Akiba iliyobaki ni ya vishindo vifupi vya ngoma.

Lalamiko lako la kwanza ndilo lililonifanya nichukue kalamu na karatasi, kwa sababu vipimo ulivyovitoa vinamtaja mkosaji. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi. Chumba huvuma pale ambapo nusu ya wimbi inaenea sawasawa kati ya kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo ukigawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba chako unapata hezi 34, yaani mitikisiko 34 kwa sekunde, na mvumo wa pili wa urefu huohuo ni maradufu yake, karibu hezi 69. Upana wa mita 4 unatoa hezi 43, na kimo cha mita 2.6 kinatoa hezi 66. Spika ndogo za rafu kwa kawaida zimeshaishiwa nguvu zikifika chini ya hezi 50, kwa hiyo mivumo ya hezi 34 na 43 tuiweke kando. Zinabaki 66 na 69, zimekaa bega kwa bega, na noti ya C iliyo oktava mbili chini ya C ya katikati ya piano, yenye hezi 65 na ushei, ni jirani yao wa karibu kabisa. Ningeweka dau kwamba noti inayokusumbua ni hiyo au ile ya nusu hatua juu yake.

Sasa tazama mahali unapokaa. Kwenye ukuta, shinikizo la hewa la kila mvumo wa urefu huwa kwenye kilele, na wewe umeegemeza kochi hapohapo, huku spika nazo zimeegemea ukuta wa upande mwingine, mahali ambapo huuchochea mvumo huo kwa nguvu zote. Ni sawa na kulaza sikio juu ya ngozi ya ngoma, kisha mtu akashangaa kwamba ngoma ina kelele.

Mvumo wa hezi 69 una mahali pake pa utulivu: ni robo ya urefu wa chumba kutoka kila ukuta, yaani mita 1.25. Katikati ya chumba una kilele kingine, kwa hiyo usikubali ushauri wa kuweka kiti katikati. Ule wa dari haukusumbui sana ukiwa umeketi, kwa kuwa utulivu wake uko katikati ya kimo, mita 1.3, na masikio ya mtu aliyeketi yako karibu na hapo. Vuta kochi mbele hadi kichwa chako kiwe mita 1.25 kutoka ukuta wa nyuma, kisha cheza wimbo uleule ukiwa huna mawazo ya kununua chochote.

Kuhusu spika zenyewe, itoe ile ya kona. Kila ukuta ulio karibu na spika huongeza masafa ya chini, yaani sauti za besi, hadi desibeli 6, na kona ina kuta mbili, achilia mbali sakafu. Si ajabu mwimbaji anavutwa huko: spika zako mbili hazicheki wala hazilii pamoja, kila moja ina mazingira yake. Ziweke kwenye stendi zilizo imara, twita, yaani vipaza vidogo vya sauti za juu, zikiwa usawa wa masikio yako, umbali wa mita 2.4 kati yake, na kila moja iwe na nafasi sawa na ukuta wa ubavuni. Pima kwa futi kutoka kila spika hadi pua yako. Tofauti ya sentimita 10 tu inatosha kumsogeza mwimbaji.

Umbali wa spika kutoka ukuta ulio nyuma yake hauna jibu moja. Sauti za chini huzunguka spika, hugonga ukuta ulio nyuma yake na kurudi zikiwa zimechelewa, na pale ucheleweshaji unapofikia nusu ya wimbi, iliyorudi na inayotoka zinafutana, na noti hiyo inaacha shimo. Gawanya 343 kwa mara nne ya umbali: uso wa spika ukiwa sentimita 70 kutoka ukuta, shimo liko karibu na hezi 122; ukiwa sentimita 20, liko karibu na hezi 430. Huwezi kulikimbia, unachagua tu mahali pa kulizika. Jambo moja la kuepuka ni kuufanya umbali huo ulingane na ule wa ukuta wa ubavuni au na kimo cha wufa, kile kipaza kikubwa cha sauti za chini, kutoka sakafuni, kwa sababu hapo mashimo hukutana kwenye noti moja na kuwa handaki.

Kabla ya yote hayo, hakikisha nyaya zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi katika spika zote mbili. Mtu aliyeunganisha mtambo kwa miaka kumi hukasirika akiambiwa hivi, nami nilikasirika, na upande wa kushoto ulikuwa umegeuzwa.

Mawimbi

Naunga mkono aliyoyasema Fundi Mstaafu, na ningependa kulichukua lalamiko la tatu, lile la uchovu, ambalo hakuligusa.

Sauti inayokufikia si ile ya spika peke yake. Milisekunde chache baadaye inafika nakala yake iliyogonga ukuta wa ubavuni, na nyingine ya dari, na nyingine ya sakafu, na kama sakafu yako ni ya vigae na kuta ni za plasta tupu, nakala hizo zinafika zikiwa na ukali wote wa juu. Mwombe mtu asogeze kioo kidogo kwenye ukuta wa ubavuni wewe ukiwa umekaa mahali pako. Pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo nakala ya kwanza inapogonga. Tundika hapo pazia zito lenye mikunjo, au weka rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti, ambayo husambaza sauti badala ya kuimeza. Sakafuni, kati yako na spika, tandika zulia nene. Mara nyingi hayo mawili humaliza nusu ya ukali.

Tafadhali usibandike trei za mayai. Karatasi yake ni nyepesi mno, na umbo lake la mabonde ni dogo mno kwa masafa yoyote yanayokukera. Vivyo hivyo kwa sponji nyembamba za sentimita 2 au 3 ambazo watu hubandika ukuta mzima: zinameza sauti za juu peke yake, na chumba kinabaki na besi ileile pamoja na waimbaji waliofunikwa blanketi. Kifyonzi, yaani kitu kinachomeza sauti, hufanya kazi vizuri unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Kwa hezi 1,000, robo hiyo ni sentimita 8 na nusu. Kwa hezi 69 inayokusumbua, ni mita 1.25, na hakuna pazia la unene huo duniani. Ndiyo sababu tatizo la besi linatatuliwa kwa kusogeza kiti, na la ukali linatatuliwa kwa kitambaa. Ukivichanganya unapoteza fedha.

Wallace Sabine, mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa mwaka 1895 kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilibaki hewani kwa zaidi ya sekunde 5, hadi mhadhiri akawa hasikiki kwa mwangwi wake mwenyewe. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, usiku, pamoja na bomba la kinanda na saa ya kupimia, akapima sauti inachukua muda gani kufa kadiri alivyoongeza mito. Kutokana na mito hiyo tukapata kanuni tunayoitumia hadi leo: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji. Chumba chako kina mita za ujazo 52. Ukitaka mwangwi wa sekunde 0.4, ambao unafaa kwa kusikiliza muziki, unahitaji ufyonzaji unaolingana na takriban mita za mraba 21 za dirisha lililo wazi, ambalo sauti ikitoka hairudi. Kochi, zulia, pazia na watu wenyewe hutoa sehemu kubwa ya hizo. Chumba kilichozidishiwa hufa, na muziki ndani yake husikika kama unachezwa kabatini, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo na usikilize.

Santuri Daima

Nimesoma kwa makini, na nakubali kwamba chumba kina uzito mkubwa, lakini naona tunakaribia kumwambia mwenzetu kwamba vifaa havina maana, jambo ambalo si kweli.

Kuna spika ambazo hushuka hadi omu 3 katika baadhi ya masafa ingawa nyuma zimeandikwa omu 8, na hapo hudai mkondo mwingi zaidi wa umeme, na kuna spika zenye usikivu (kiasi cha sauti spika inachotoa kwa wati moja) wa desibeli 83, ambazo hudai nguvu mara nne kuliko zile za desibeli 89. Kwa mwenye spika za namna hiyo, swali la amplifaya si la kipuuzi. Ndugu Msikilizaji, tazama namba ya usikivu kwenye kijitabu cha spika zako. Ikiwa ni 86 au zaidi, basi Fundi amesema kweli na mjadala huu hauna haja ya kuendelea.

Kuhusu nyaya, usijilaumu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5, una ukinzani wa omu 0.07 kwenda na kurudi, ambao mbele ya omu 8 za spika ni chini ya asilimia moja. Hata waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ungefikia omu 0.23. Hakukuwa na kitu cha kufunguliwa. Kinachostahili kutazamwa ni ncha za waya: shaba iliyofanya kutu ya kijani ikatwe na kumenywa upya, na skrubu za spika zikazwe.

Kwa kicheza santuri, angalia sindano. Ya almasi huchoka baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na iliyochoka hutoa mkwaruzo kwenye herufi za s, hasa mwishoni mwa upande wa santuri, karibu na lebo. Ikiwa s zinakuchoma kwenye santuri tu na si kwenye CD, chumba hakina hatia katika hilo.

Jambo la mwisho ni namna ya kulinganisha. Kifaa kinachocheza kwa sauti ya juu zaidi hata kwa desibeli moja husikika kuwa bora zaidi, na wauzaji wanajua hivyo. Ukijaribu kitu kipya, linganisha viwango kwanza, kisha mwombe mtu abadilishe bila kukuambia kipi kinacheza. Nimewahi kusifu kwa dakika ishirini kifaa ambacho hakikuwa kimewashwa.

Msikilizaji Mtulivu

Nawashukuru nyote. Nimetumia siku tatu, na naomba niwaeleze yaliyotokea, yakiwemo ambayo hayakwenda vizuri.

Chanya na hasi zilikuwa sawa pande zote mbili. Usikivu wa spika ni desibeli 87, kwa hiyo habari ya amplifaya nimeifunga. Niliposogeza kochi nilianza kwa sentimita 50 tu kutoka ukutani, kwa sababu ya kuogopa maneno ya wenzangu nyumbani, na mvumo ulipungua kwa kiasi ambacho ningeweza kujidanganya nacho. Nilipofika mita 1.25, ile noti ilitoweka mbele yangu kama mtu aliyeitwa nje. Nilisimama nikarudi ukutani, nikaikuta palepale inaningoja. Nilifanya hivyo mara nne mbele ya mashahidi. Mwenye gitaa hapa nyumbani alithibitisha kwamba ilikuwa C, au karibu nayo.

Spika nimezitoa kona na kabati, nikaziweka kwenye stendi sentimita 70 kutoka ukutani. Mwimbaji sasa amesimama katikati, na kwa mara ya kwanza nimesikia kwamba katika rekodi moja ninayoipenda wapo waitikiaji wawili upande wa kulia, si mmoja. Hata hivyo sauti ya wanaume imekuwa nyembamba kidogo kuliko zamani.

Zulia limepunguza ukali, lakini siri ya uchovu ilikuwa nyingine, na naona haya kuisema. Kitufe kilichoandikwa "Loudness" kwenye amplifaya kilikuwa kimebonyezwa tangu nilipoinunua, nami nilidhani kinaongeza sauti tu.

Maswali yaliyobaki ni mawili: kwa nini sauti ya wanaume imepungua unene, na je, sabufa, yaani spika ya besi pekee, ingesaidia?

Mawimbi

Usione haya, kitufe hicho kimewahadaa wengi. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati, na kitufe hicho kiliundwa kurudisha kilichopotea: huongeza masafa ya chini, na katika amplifaya nyingi huongeza ya juu pia. Usiku, ukisikiliza kwa sauti ndogo wengine wakiwa wamelala, kibonyeze kwa raha zako. Ukiongeza sauti, kikibaki kimebonyezwa kinakupa besi na ukali ambao sikio halikuvihitaji, na hapo ndipo unapochoka.

Fundi Mstaafu

Wembamba wa sauti ya wanaume ni lile shimo la hezi 122 nililolitaja, ambalo limeangukia katikati ya kifua cha mwimbaji wa sauti nzito. Usirudi ukutani. Sogeza spika zote mbili nyuma kwa sentimita 5, sikiliza wimbo mmoja, kisha sentimita 5 nyingine, hadi sentimita 45, ambapo shimo litakuwa limepanda hadi karibu hezi 190. Mahali fulani katika safari hiyo mwimbaji atarudishiwa kifua chake kabla besi haijaanza kuvimba tena. Zielekeze ndani kidogo pia, kila moja ikikulenga bega la upande wake, kwa kuwa sasa umekaa mbali nazo kuliko umbali ulio kati yake.

Sabufa ingoje. Ukiingiza leo chombo kinachoshuka hadi hezi 30, utaamsha ule mvumo wa hezi 34 ambao spika zako ndogo zimekuepusha nao, na kwa mita 1.25 bado ungeusikia kwa nguvu. Siku ukiipata, iweke juu ya kochi unapokaa, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawa ndipo pa kuiweka.

Na kabla hujasogeza chochote usiku wa leo, bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwenye pembe za stendi na miguu ya kochi, uandike tarehe juu yake.